Nina bima ya makosa ya kitabibu, lakini kampuni zote mbili zinakataa kulipa

SWALI

Mshauri, salaam.

Mimi ni daktari. Mchana nimeajiriwa na hospitali ya kaunti, jioni naendesha kliniki yangu ndogo Kisauni, Mombasa. Kliniki imesajiliwa kama kampuni, ina afisa wa kliniki mmoja, wauguzi wawili na fundi wa maabara. Kila mwaka nakata bima ya indemniti, yaani hii ya makosa ya kitabibu, kwa sababu leseni inaitaka, na kusema kweli sijawahi kuisoma hati kupita ukurasa wa kwanza.

Novemba 14 mwaka jana muuguzi wangu alimdunga mgonjwa sindano ya diclofenac, dawa ya maumivu, takoni. Ni mwendesha bodaboda wa miaka 34. Aliondoka akichechemea. Siku ya nne alirudi, unyayo wa kulia hauinuki, anauburura. Nikamwelekeza kwa wataalamu wa fiziotherapia. Desemba 9 kakake akatuandikia WhatsApp: "Mmemlemaza ndugu yetu, tutakutana kwa wakili." Nilidhani ni hasira zitapoa, sikumwambia mtu wa bima.

Januari 1 nilihamia kampuni nyingine ya bima kwa kuwa ada yake ilikuwa nafuu. Kwenye fomu kulikuwa na swali kama najua tukio lolote linaloweza kuzaa dai. Aliyeniuzia bima alinijazia "hapana", mimi nikatia sahihi. Februari 11 ikaja barua ya wakili: KSh 4,800,000. Nilishtuka, nikamwandikia mgonjwa, "Samahani sana kwa kosa lililotokea kwetu, nitagharamia matibabu yako," nikamtumia KSh 40,000 kwa M-Pesa. Nikaripoti kwa kampuni mpya Machi 4.

Kampuni mpya inasema sindano ilidungwa kabla ya hati yake kuanza, muuguzi hayumo kwenye hati, na tena nimeshakiri kosa. Ya zamani inasema dai limekuja wakati hati yake imekwisha. Nimelipa ada miaka sita mfululizo. Nililipia nini?

Tena tunapanga kuanza huduma ya kupunguza uzito na sindano za botox, na watu wetu walio Muscat (Oman) na Minnesota (Marekani) huniomba niwatibu kwa video. Nielezeni bima hii hailipi nini, kabla sijajiingiza kwenye jambo jingine.

Daktari wa Kisauni

JIBU

Daktari,

Bima ya gari hulipa ajali iliyotokea hati ikiwa hai, hata kama barua ya madai itakuja baadaye. Indemniti nyingi za madaktari haziendi hivyo. Hati inayolipa ni ile iliyo hai siku dai linapokufikia mara ya kwanza, mradi kitendo chenyewe kilifanyika baada ya tarehe fulani iliyoandikwa kwenye hati hiyo, na mradi umeripoti kwa wakati. Kwa hiyo kuna tarehe tatu za kuangalia, yaani ya kitendo, ya dai na ya kuripoti, na zote zinapaswa kuangukia mahali pake. Kwako kitendo ni cha Novemba, dai la Februari, ripoti ya Machi. Hati ya zamani haina dai, hati mpya haina kitendo. Kila kampuni inaweza kusimama kwenye maandishi yake na ikaonekana ina haki, nawe ukabaki katikati.

Kilichokuponza hasa ni kuhama. Ungebaki kampuni ileile, dai la Februari juu ya sindano ya Novemba lingeingia kwenye hati ya mwaka mpya bila maneno mengi, kwa sababu hati inayofuatana huendeleza tarehe ya kurudi nyuma ya mwaka wa kwanza, yaani ile tarehe ambayo vitendo vya kabla yake havilipwi. Tarehe hiyo huandikwa kwenye ukurasa wa jedwali, karibu na kipindi cha bima na kikomo cha malipo. Itafute leo kwenye hati mpya. Ikiwa inasema Januari 1 mwaka huu, basi miaka yako sita ya nyuma yote ilibaki nje siku ulipohama, si sindano ile moja tu. Anayehama huku akijua huomba kampuni mpya ikubali tarehe ya hati yake ya kwanza kabisa. Kampuni nyingi hukubali kwa ada ya juu kidogo zikionyeshwa hati za nyuma zisizo na pengo. Huenda ile nafuu uliyoipata ilitokana na kukosekana kwa kipengele hiki.

Sasa rudi kwenye ujumbe wa Desemba 9, maana hapo ndipo penye tumaini lako, na hapohapo pana hatari yako. Fungua hati ya zamani, nenda sehemu ya tafsiri ya maneno, usome "dai" limeelezwaje. Hati nyingine husema dai ni matakwa ya maandishi ya kulipwa fidia. Nyingine hupanua zaidi, zikahesabu hata taarifa ya nia ya kushtaki. Ujumbe wa WhatsApp ni maandishi. "Tutakutana kwa wakili" si kudai kiasi cha pesa, lakini mbele ya tafsiri pana wakili wako anaweza kusimamisha hoja kwamba dai lilifika Desemba, hati ya zamani ikiwa hai. Hapo ubishi hauwi tena juu ya hati iliyokwisha, unakuwa juu ya kuchelewa kuripoti. Nao ni ubishi mgumu, lakini una mahali pa kushika.

Angalia pia kama hati ya zamani inatoa muda wa kuripoti baada ya kuisha. Zipo zinazotoa siku 30 au 60 bila malipo. Soma hadi mwisho wa kifungu, kwa sababu mara nyingi huongeza kwamba muda huo haupo ikiwa umekata bima nyingine badala yake. Nawe umekata. Tena siku 60 tangu Desemba 31 zinaishia Machi 1, na wewe uliripoti Machi 4, tena kwa kampuni nyingine. Tunayataja haya ili usije ukajenga kesi yako juu ya siku ambazo zimeshapita.

Upande wa pili wa ujumbe uleule ni swali la fomu. Ulijua mguu umepooza, ulijua familia inataja wakili, na ukatia sahihi chini ya "hapana". Bima husimama juu ya uaminifu kamili: mwombaji anatakiwa kusema mambo yote mazito anayoyajua, hata asiyoulizwa, na hapa uliulizwa. Karibu kila hati huondoa matukio yaliyojulikana kabla ya kuanza, na kampuni ikiona ilifichwa jambo zito inaweza kutaka kuifuta hati yote, si kukataa dai hili tu. Kwamba aliyekuuzia ndiye aliyejaza hakukuokoi, sahihi ni yako. Ila ulizia jambo moja: alikuwa wakala wa kampuni au dalali wa bima? Wakala huuza kwa niaba ya kampuni, dalali humfanyia kazi mteja. Dalali aliyekuhamisha bila kukueleza habari ya tarehe ya kurudi nyuma ana maswali ya kujibu, na madalali wenye leseni nchini Kenya hutakiwa nao kuwa na bima yao ya makosa ya kitaaluma. Mwambie wakili wako alitazame hilo mapema.

Wakili huyo mtafute wiki hii, na umlipe mwenyewe kwa sasa. Usimjibu tena wakili wa mgonjwa, wala mgonjwa, wala kakake, kuhusu nani alikosea. Andaa orodha ya matukio kwa tarehe: nani alidunga, dawa na kipimo gani, upande upi, malalamiko ya kwanza, rufaa ya matibabu, kila ujumbe na saa yake. Picha za skrini zisikatwe. Kisha, baada ya wakili kuyapitia, ziandikie kampuni zote mbili barua ya ukweli uleule. Usiiambie moja kwamba ulijua Desemba na nyingine kwamba hukujua, maana barua hizo zitakutana mahakamani. Iombe kila moja ikupe sababu za kukataa kwa maandishi, pamoja na nambari ya kifungu inachokitegemea. Barua ya "tumekataa" isiyotaja kifungu haitoshi, na inayokitaja ndiyo utakayoipeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) ukilalamika. Malalamiko ya IRA hayasimamishi kesi. Samansi (wito wa mahakama) ikifika, hesabu siku zilizoandikwa humo za kujibu, kwa kawaida 15, na zisipite ukisubiri bima ijirudi. Hukumu inayotolewa kwa sababu mshtakiwa hakujitokeza ni shida nyingine tena juu ya hii.

Na faili la mgonjwa usiliguse. Hapa ndipo madaktari wazuri huharibikiwa: anaona muuguzi hakuandika sehemu ya sindano, anachukua kalamu na kuongeza "robo ya juu, upande wa nje." Wino wa Machi kwenye karatasi ya Novemba huonekana, na mfumo wa kompyuta huhifadhi saa ya kila badiliko. Kubadilisha rekodi ni miongoni mwa mambo ambayo hati huyaondoa bila huruma, na huenda ukayapoteza hata malipo ya wakili ambayo ungeyapata. Kama kuna jambo la kuongeza, liandikwe chini kama nyongeza, kwa tarehe ya leo na jina lako.

Tuje kwa muuguzi. Hati ya daktari binafsi humlinda daktari binafsi. Muuguzi akikosea akiwa kazini kwako, sheria humbebesha mwajiri, na mwajiri hapa ni kampuni yako, si wewe. Kwa hiyo kuna watu watatu wa kushtakiwa: wewe, muuguzi na kampuni ya kliniki. Ikiwa jina kwenye jedwali ni lako peke yako, wawili wengine wako uchi. Kliniki inahitaji hati ya kituo, yenye jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, na orodha ya wafanyakazi kwa majina au kwa kada na idadi. Akiingia mtu mpya katikati ya mwaka, arifu. Hata daktari wa zamu anayekuja Jumamosi tu aandikwe, au alete hati yake.

Muulize muuguzi kama ana indemniti yake, naye aripoti kwa kampuni yake leo, bila kungoja kesho. Halafu hakikisha leseni yake ilikuwa hai Novemba 14. Baraza la Wauguzi linaweza kuthibitisha. Kazi iliyofanywa na mtu asiye na leseni, au iliyo nje ya kada yake, ni kipengele ambacho hati hukiondoa karibu zote, na leseni iliyochelewa kulipiwa wiki mbili huhesabiwa sawa na isiyokuwapo.

Sasa "samahani" yako. Hati huwa na sharti kwamba mwenye bima asikiri dhima (kwamba anawajibika kwa madhara), asiahidi wala asilipe chochote bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Watu wengi hulisoma kama amri ya kumnyamazia mgonjwa, na si hivyo. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kilichotokea mwilini mwake, kupewa rufaa na kuendelea kutunzwa. Kiswahili kimetupa neno ambalo Kiingereza hakina: "pole". Unampa pole aliyeumia hata kama hukumuumiza wewe, na hakuna mswahili atakayeisikia kama kukiri. "Samahani" ni neno jingine, linaomba msamaha kwa kosa. Wewe ulisema samahani, ukaongeza "kosa", ukaongeza "kwetu", kisha ukatuma pesa. Yakitafsiriwa kwa Kiingereza cha mahakamani hayo ni kukiri mara tatu. Tahadhari ni kwamba hata "pole" mfasiri mvivu huigeuza kuwa neno lile lile la Kiingereza, kwa hiyo maliza sentensi: "Pole kwa maumivu unayopata, tutaendelea kufuatilia matibabu yako." Wakili wako anaweza kudai kwamba ujumbe wako haukuidhuru kampuni kwa lolote, kwani dhima ingeonekana hata bila huo, na mara nyingine hoja hiyo husikilizwa. Zile KSh 40,000 zihesabu zimekwenda. Malipo ya hiari hayarudishwi. Wakili anaweza tu kuomba yapunguzwe kwenye fidia, kwa hiyo hifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Hata bima ingekubali, usidhani ingelipa shilingi zote. Tuseme kikomo chako ni KSh 5,000,000 kwa dai moja, na hati inasema gharama za utetezi zimo ndani ya kikomo. Wakili na mashahidi wataalamu wakila 900,000, zinabaki 4,100,000. Mahakama ikitoa 4,800,000, hizo 700,000 zinazopungua ni zako. Juu yake kuna sehemu ya kila dai unayobeba wewe kwanza. Ikiwa ni asilimia 10 ya dai, ni 480,000 nyingine. Bado hatujataja riba na gharama za mlalamikaji, ambazo hati nyingine huzilipa juu ya kikomo na nyingine huzihesabu ndani. Unaposasisha, swali la kwanza kumuuliza dalali liwe hili: gharama za utetezi ziko ndani au juu ya kikomo? La pili: kikomo ni cha kila dai, au cha mwaka mzima? Kikomo cha mwaka kikimalizwa na dai la Machi, utafika Desemba huna kitu.

Yaliyobaki ambayo bima hii hailipi, baadhi ni wazi na hayahitaji maelezo marefu. Kitendo cha makusudi, unyanyasaji wa kingono, kutibu ukiwa umelewa, na madai ya uongo kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) au bima nyingine za matibabu. Faini pia hazilipwi, iwe ya mahakama au ya Baraza la Madaktari (KMPDC). Hati nyingi hulipa wakili wa kukutetea mbele ya Baraza, lakini kwa kikomo kidogo cha pembeni, na kwa kawaida hazilipi kipato ulichokosa ukisimamishwa. Kesi ya jinai ni vilevile. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinataja matibabu ya kizembe yanayohatarisha maisha, na indemniti ya kawaida haikulipii adhabu yake. Kuhusu wakili wa jinai, soma. Baadhi ya hati humlipa hadi hukumu kisha hudai kurudishiwa ukitiwa hatiani.

Mengine si ya kitabibu kabisa, ila watu huyachanganya. Mgonjwa akiteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki hapo mapokezi, hiyo ni bima ya dhima kwa umma. Fundi wako wa maabara akijichoma sindano, hiyo ni ya fidia ya majeraha kazini, ambayo mwajiri anatakiwa kuwa nayo chini ya sheria ya mwaka 2007. Kompyuta yenye faili za wagonjwa ikiibwa, unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data ya afya imo kwenye kundi nyeti, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika KSh milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Indemniti haigusi hayo. Mgonjwa akitaka arudishiwe ada aliyolipa, hiyo nayo si fidia ya madhara, bima hairudishi.

Kuna na kazi yako ya mchana. Usichukulie kwamba hati hii inakulinda hospitali ya kaunti. Nyingine huandikwa kwa kazi ya binafsi tu, nyingine huomba utaje kila kituo unakofanyia kazi. Madai dhidi ya serikali yana muda wake mfupi, miezi 12 kwa kesi za madhara. Kwa kliniki yako muda ni miaka mitatu, na mahakama inaweza kuuongeza mgonjwa akionyesha hakujua mambo muhimu mapema. Kwa mtoto, saa huanza kuhesabu akifika miaka 18. Ukizalisha leo, dai linaweza kuja miaka 21 baadaye. Ndiyo maana uzalishaji na usingizi wa upasuaji huondolewa kwenye hati za bei nafuu, na ndiyo maana daktari anayestaafu au kufunga kliniki hununua kipindi kirefu cha kuripoti badala ya kuacha hati ife tu. Faili za watoto nazo zisichomwe kwa mpango wa miaka michache.

Kuhusu botox na kupunguza uzito, jibu ni hapana mpaka uandikiwe. Kampuni ilikupima kama daktari wa kawaida ikapanga ada kwa kazi hiyo. Ukianza kazi nyingine bila kuarifu, inaweza kusema hatari imebadilika. Tiba za urembo mara nyingi huondolewa kwa jina, na hurudishwa kwa nyongeza ya mkataba yenye ada yake, masharti ya mafunzo, na orodha ya nani anaruhusiwa kudunga. Omba nyongeza hiyo itaje taratibu moja moja: botox, vijazio vya ngozi, sindano za kupunguza uzito. "Huduma za ngozi" peke yake ni neno pana ambalo baadaye litafasiriwa na anayekataa kulipa. Dawa ununue kwa msambazaji aliyesajiliwa, utunze risiti na nambari za toleo la kila kichupa, kwa sababu dawa bandia huingia kwenye dhima ya bidhaa, na hiyo nayo ni bima nyingine.

Bango lako pia lichunge. Ukiandika "utapungua kilo 10 kwa mwezi, la sivyo pesa yako inarudi," umetoa dhamana, na dhamana ya matokeo haifidiwi. Kilo zisipopungua, mteja hadai uzembe, anadai mkataba. Vivyo hivyo mkataba unaotia sahihi na mwenye jengo au mwenye mashine, ukiwa na kifungu kwamba wewe utabeba hasara zote zitakazotokea: dhima uliyojitwika kwa sahihi, ambayo sheria yenyewe isingekutwika, bima huiacha nje. Mpe wakili asome kabla.

Wagonjwa wa video ni jambo la mipaka. Hati za Kenya kwa kawaida hutaja eneo la kazi na mahakama zinazokubalika, na Marekani na Kanada ndizo za kwanza kuondolewa, kwa sababu fidia na gharama za mawakili huko ni za kiwango kingine. Mgonjwa akiwa Minnesota, sheria za huko humhesabu kuwa anatibiwa Minnesota, na wewe huna leseni ya Minnesota. Hapo yanakukuta mawili kwa mpigo: kazi isiyo na leseni, na eneo lililoondolewa. Muscat nako ni nje ya leseni yako, na lazima hati itaje Oman wazi. Unachoweza kufanya kwa usalama zaidi ni kumwona mtu huyo akiwa likizo Mombasa, au kuzungumza na daktari wake wa kule kama daktari kwa daktari, bila kumwandikia dawa. Mama yake aliyebaki Kisauni ni mgonjwa wako halali, hata kama anayelipa yuko Minnesota.

Kabla ya kumaliza mwezi huu mwandikie dalali barua pepe moja yenye maombi haya: tarehe ya kurudi nyuma irudishwe hadi mwanzo wa hati yako ya kwanza miaka sita iliyopita, jina la kampuni ya kliniki liongezwe, orodha ya wafanyakazi iambatishwe na nambari zao za leseni, na kila tukio unalolijua tangu wakati huo litajwe, likiwemo hili la bodaboda. Kwa tukio hili hutapata bima ya kampuni mpya, lakini kwa mengine ya miaka sita, ambayo hata wenyewe hawajakwenda kwa wakili, pengo linaweza kuzibwa vizuri. Jibu likija kwa simu, mwombe aliandike.